Nyuni wa Ganda

Gari la dawa lilikuwa limeshawashwa nje, na Mumbua bado anachoma pini kwenye ramani ya zahanati, moja kwa kila taarifa ya malaria au degedege. Palipojaa pini ndipo gari liendako. Barani palijaa. Kijijini Ganda hapakuwa na hata moja.

Mwanamke akaingia bila hodi. "Dada, nimetoka Ganda. Mwanangu kashikwa na nyuni!"

Mumbua nusura acheke. Kwao Ukambani nyunyi ni ndege. Asubuhi hiyo vikaratasi vya taarifa kutoka Ganda, "Nyuni, wamekufa wanne", alivitia vyote katika kikapu cha ofisi ya mifugo, akidhani ni kuku.

"Nyuni ndiyo nini, mama?"

Mwanamke akafunua leso. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, kidole gumba kimefumbatwa ndani ya ngumi.

"Si hii, ninyi mwaiita degedege!"

Muuguzi akamnyakua mtoto. Mumbua akakitazama kile kikapu. Kilikuwa kimefurika.

Nje gari likatia gia. Akatoka mbio, pini zikimchoma kiganjani, akipiga kelele: "Ganda! Ganda!"