Maisha ya Mwingereza

Mumbere alishika maikrofoni kwa mikono miwili, mbele ya kitambaa cha sinema.

Kwa miaka tisa aliwatafsiria watu wa mji wa Bunia filamu za Kiingereza. Kiingereza chenyewe hakukijua. Alitazama midomo na macho ya waigizaji, akatunga. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha watoto wake sita.

Na leo, mwaka 1974, mwenye sinema amempata mwigizaji Mwingereza: mzungu mzee mwenye koti lililochakaa, aliyetokea jana akijitambulisha hivyo na kuomba mahali pa kulala.

"Atatuelezea maisha yake," mwenye sinema alitangaza. "Raia mwenzetu, citoyen Mumbere, atatafsiri."

"Leo tutajua kama unatudanganyaka!" alipaza sauti Mama Véronique, muuza karanga. Ukumbi ukacheka. Heri wafanyabiashara wa Aru, kule mpakani, wenye Kiingereza cha Uganda, hawakuwamo.

Mzungu akakohoa, akatamka maneno machache. Mumbere akamtazama midomo, kisha macho. Aliona aibu tupu.

"Anasema baba yake alikufaka yeye angali mutoto," akaanza. "Alijifunza kuigiza kwa kuiga mwendo wa mapadri. Walimuchapa sana."

Watu wakacheka. Mzungu akaongea tena, safari hii kwa ufupi zaidi.

"Anasema kwenye tiyatri alianza kwa kufagia. Siku walimupa kuigiza mufalme, muke wake alikuwa anazikwa. Akaigiza. Watu wakapiga makofi. Hawakujua machozi ile ilikuwa ya kweli."

Watu wakasogea mbele kwenye viti. Mumbere hakuweza tena kujizuia.

"Kisha sinema zikamuita. Alikufa mara makumi ine kwenye kitambaa hii, na kila mara alirudia kwake, akakuta kitanda bila mutu."

"Masikini, muzee wa watu!" Mama Véronique alijifuta macho kwa kitenge.

Mwenye sinema akamgeukia mgeni, akamuuliza kwa Kifaransa kama mkalimani ametafsiri sawasawa. Mumbere akafumba macho. Aliwaona watoto wake, mmoja mmoja.

"Neno kwa neno," mzungu akajibu.

Makofi yakalipuka. Mzungu akamkumbatia Mumbere kwa nguvu, akamnong'oneza sikioni kwa Kiswahili:

"Mungu akubariki, ndugu. Miye ni Mugiriki, mwenye duka kule Watsa. Serikali ilikamata maduka ya wageni, yangu pia, siku mbili sijakula. Kingereza, hata neno moja sijuwi."