Sijambo ya Faida

Uvumi ulimganda Mwavita kama kupe: ukisema unaumwa, unarudishwa mpakani. Humo kizuizini, walimofungiwa wasio na vibali, hakuna aliyemjua hata mmoja aliyerudishwa hivyo, ila kila mtu alikuwa amesikia.

Basi bintiye Faida alipopata homa, Mwavita alimpangusa kwa kanga mbichi mpaka paji la uso likapoa. "Nesi akija umwitikie vizuri, mama."

Nesi akasimama mlangoni. "Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Una adabu wewe." Akageuka kwenda zake.

Faida akamvuta mama yake nguo, akanong'ona, "Nimejibu vizuri? Sasa naweza kuumwa?"

Hofu ya kurudishwa mpakani ikamtoka Mwavita kichwani.

"Nesi, rudi. Hiyo ni sijambo ya mdomo tu. Mshike shingo."

Nesi akarudi, akamshika, na tabasamu likamwisha. "Huyu anaungua, dada. Tangu lini?" Hakungoja jibu. Alimbeba mtoto akatoka naye, na askari akafunga mlango.

Mwavita alibaki na kanga inayodondosha maji, macho mlangoni. Pembeni yake mgeni wa jana alikuwa akimnyonyesha mwanawe. Mwavita alimwambia bila kugeuka:

"Usimpoze mtoto kabla nesi hajamshika. Usimfiche nyuma yako. Usimfundishe kuvumilia. Na akiulizwa hujambo, mdogo wangu, usimwache aitikie kwa adabu tu."