Wifi Ametubu

"Nilimsingizia mke wa kaka yangu," wifi alisema kwenye kipaza sauti huku analia. "Niliongopa kwamba nimemfumania na mwanamume. Kaka akamfukuza na mimba yake, na mimba ikaharibika. Lakini Bwana amenisamehe, jamani! Leo niko mwepesi kama unyoya!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Mke huyo aliyefukuzwa, ambaye sasa anaishi kwa kushona nguo za watu, alikuwa ameketi benchi la nyuma. Mbele yake, mume wake wa zamani aliinamisha kichwa. Mke wake mpya akamchukua mtoto kutoka mapajani pa mumewe, akambeba begani.

"Dada yetu, njoo umpokee mwenzako," mchungaji aliita.

Mshonaji alitembea hadi mbele, maana macho yote yalikuwa kwake. Wifi alimrukia, akamkumbatia kwa nguvu. Machozi yake ya moto yakamtiririkia mshonaji shingoni, yakaingia ndani ya kola. Mikono ya mshonaji ilibaki inaning'inia.

"Mungu umemwomba msamaha," alisema. "Kanisa umeliomba. Mimi je?"

Kipaza sauti kilikuwa kati yao, kwa hiyo kila mtu alisikia. Vigelegele vikakatika.

Wifi akamwachia. "Si yamekwisha, wifi yangu? Nimeshasamehewa."

"Niombe mimi."

Wifi alifuta kamasi kwa kiganja, kisha akamgeukia mchungaji, kama mtu anayeuliza kama ni lazima.