Kisu cha Vitunguu

Kila palipokuwa na shughuli, wanawake wa ukoo walikaa uani na visu wakimenya vitunguu, ila Sikudhani alipewa sinia la mchele achambue. Shangazi Batuli ndiye aliyeamua, tangu Sikudhani ana miaka saba. "Huyo msimpe kisu. Mama yake aliwehuka mpaka akafa, na damu ni ile ile." Sikudhani akicheka peke yake, walikonyezana.

Leo alikuwa anaolewa binti wa Batuli. Sikudhani, sasa mtu mzima mwenye mtoto, alilisukuma sinia pembeni, akachagua kisu kikubwa kuliko vyote, akaketi goti kwa goti na shangazi yake. Alimenya taratibu, akimtazama yeye, si kitunguu.

"Mwanangu, hebu nipe hicho," Batuli alisema, jasho likimtoka.

"Kwa nini, shangazi? Nimekukata?"

Wanawake wakajisogeza nyuma. Walizoea kumwogopa kwa minong'ono. Leo na wamwogope mchana kweupe. Akamwita bintiye Nasra, wa miaka saba, akamkabidhi kisu kidogo mbele ya macho ya wote.

"Menya, mama. Wakutazame vizuri."

Nasra akamenya kimoja, safi kabisa. Kisha akageukia upande wa mkeka usiokuwa na mtu, akanong'ona, "Subiri, bibi. Na wewe utapewa."

Batuli aliinua macho. Mkono wa Sikudhani ulikuwa umeshakifuata kile kisu kidogo, ukasita hapo hapo, juu ya vidole vidogo vilivyoendelea kumenya.