Neno la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mchezo huu wa zamani haufunguki bila riwaya yake. Ukiwasha kompyuta, inakuuliza neno moja kutoka kitabuni: ukurasa huu, mstari huu. Usipolijua, huchezi.

Riwaya, mume wangu aliniambia, ilibaki kwa Léa, msichana aliyecheza naye walipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu, kampasi ya Kasapa. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya misa anampigia simu kumuuliza neno.

Leo pia ametoka kwenda uani na simu.

"Léa, bonjour. Page quarante et un, ligne six, neno ya tatu iko nini?"

Kisha akacheka. Kicheko kile mimi sikijui, na tuna miaka minne ya ndoa.

Nikainua mkoba wake wa kompyuta nipanguse vumbi mezani. Ulikuwa mzito, ingawa kompyuta ilikuwa mezani, imewashwa. Ndani mlikuwa na kitabu chenye joka kwenye jalada, mgongo wake umebandikwa kwa utepe wa skochi. Katikati ya kurasa, kama alama, kulikuwa na karatasi ya nyimbo za parokia yetu, ya Jumapili iliyopita.

Nilifungua ukurasa wa arobaini na moja, nikahesabu kwa kidole mistari sita, kisha maneno matatu. Nikaandika neno lile la Kifaransa, lenye maana ya majivu, kwenye kompyuta, herufi moja moja. Lango la mawe kwenye skrini likafunguka na muziki ukaanza.

Akaingia, simu bado sikioni.

"Iko cendre," akasema. "Léa amesema iko..."

Akaona skrini. Akaona na kitabu mapajani mwangu.

"Muulize na ya page ya mbele, quarante-deux," nikamwambia. "Miye niko nafwata mu kitabu."