Muhanga Amfukuza Dalali

Muhanga alichimba nyumba ya pili kando ya mto, akaipangisha kwa wageni wa likizo. Hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake. Siku moja akamfukuza dalali wake, Kunguru mwenye mdomo mkali. "Unakula jasho langu bure. Nitapangisha mwenyewe."

Likizo ilipofika, akaja shemeji yake Ngiri na familia nzima. "Shemeji, tulikuwa tunamwogopa yule Kunguru. Sasa wewe utatudai kodi, sisi?"

Muhanga akaona haya, akawafungulia. Wapangaji wakakuta pamejaa, wakaondoka. Watoto wakalala njaa.

Muhanga akamfuata Kunguru. "Rudi kazini."

"Nikutafutie wageni?"

"Wageni nawapata. Nitafutie maneno ya kumwambia shemeji, kisha uyaseme wewe."