Siri ya Kumi na Saba

"Nimepata kumi," alisema mwalimu mgeni wa kike barazani, na kicheko chake kikaingia jikoni kupitia dirishani.

"Mimi kumi na tatu," mume akajibu kutoka barazani.

Mke aliacha vikombe ndani ya maji. Mchezo huo aliujua. Ndio aliotongozewa nao chuoni, yeye na mumewe walipokuwa wakisomea hesabu darasa moja. Kila mtu anachagua namba yake ya siri, kisha anaizidisha namba tatu kwa yenyewe mara nyingi kama hiyo siri. Kila ikizidi kikomo walichokubaliana anakitoa mpaka ishuke chini yake, na kinachobaki anakitangaza hadharani. Halafu kila mmoja anaichukua namba ya mwenzake, anaizidisha vivyo hivyo mara nyingi kama siri yake mwenyewe, na wote wawili wanafika kwenye namba moja ambayo hakuna aliyeitamka. Enzi zile mumewe alitumia kikomo cha tarakimu tisa. "Siri ya kweli haikai kwenye namba ndogo," alikuwa akimwambia.

"Kwa kikomo cha kumi na saba, tumeelewana," alimsikia sasa. "Jumamosi saa tisa, mgahawa wa pale kona. Meza ndiyo namba hiyo."

Kumi na saba! Wivu ulimpanda mpaka masikioni. Hata kujificha hawajifichi. Na dirisha lenyewe mumewe ndiye aliyelifungua, eti joto.

Akahesabu kwa kidole chenye povu. Tatu, tisa, ishirini na saba toa kumi na saba, kumi: mgeni alichagua tatu. Hatua moja zaidi, kumi na tatu: mume alichagua nne. Sasa kumi ya mgeni, mara nne: kumi, kumi na tano, kumi na nne, nne. Vikombe havijakauka, jibu alikuwa nalo. Meza namba nne.

Jumamosi mke huwa habanduki kwa mumewe. Mume akishinda nyumbani, naye anashinda. Mume akienda kunyoa, anamngoja palepale kwenye benchi, hata kinyozi akamtania siku moja, "Mama, na wewe nikupunguze?" Lakini Jumamosi hii, mumewe alipoingia kuoga saa nane, alijitanda mtandio akachomoka ili awatangulie.

Mgeni alikuwa ameshafika. Peke yake, meza namba nne, vikombe viwili.

"Karibu, shemeji. Chai yako haina sukari, si ndiyo?"

"Chai sikuifuata. Namngoja mume wangu, aje anikute."

"Basi tungoje wote."

Mke akaketi, macho mlangoni. Saa tisa ikafika, ikapita. Chai ikaota utando. Mgeni alikuwa akigeuzageuza kijiko, hamtazami usoni.

Simu ya mgeni ikalia.

"Ndiyo, kaka. Ninaye hapa." Akaiweka mezani taratibu. "Ameshaondoka, shemeji. Alijua utaihesabu meza, uje huku. Ufunguo ameuacha kwa jirani."

Mke akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ameondoka na nani?"

"Na begi, shemeji. Begi tu."